Mpunga wa Shina

Mama alianza kung'ata mbegu wiki ile tuliyomaliza sherehe ya mavuno. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alifungua kapu lililoning'inia juu ya meko, akachukua punje moja ya mpunga, akaiweka kati ya meno machache aliyobakiwa nayo, akabana. Kisha alitulia akisikiliza. Punje ikilia, alisema bado iko hai. Ikivunjika kimyakimya ikawa unga, aliitema kiganjani, akaiangalia, akafunga kapu. Mimi nilijifanya napuliza moto. Sikutaka kuuona uso wake.

Mpunga wenyewe si wa mchezo. Ni mpunga wa shina. Kila mlango, yaani kila familia chini ya paa moja la nyumba yetu ndefu, una wake, na hakuna mlango unaojua ladha ya shina la jirani. Wetu ni mweusi kwenye ncha, una ndevu, na hautoki nje ya mlango hata kwa dawa ya mgonjwa. Bibi alimpa Mama, Mama atanipa mimi, nami Mungu akipenda nitampa binti yangu Renggi, kama hatakuwa ameolewa na mtu wa mjini anayekula mchele wa kununua. Hupandwa wa kwanza katikati ya konde, mbegu nyingine zikauzunguka. Ukifa mpunga wa shina, watu hawasemi kwamba mlango fulani umepoteza mbegu. Wanasema mlango ule umezimika.

Na mbegu ya mpunga haina subira. Mwaka wa kwanza huota karibu yote, mwaka wa pili huota nusu ukiwa na bahati, mwaka wa tatu unawamwagia kuku. Yetu ilikuwa imeshaukosa msimu mmoja. Mama aliteleza kwenye ngazi ya kushukia mtoni akavunjika nyonga, nikakaa naye hospitali mjini msimu mzima wa kupanda, na mume wangu, Baba Renggi, alikuwa kambini kwa wakata magogo. Kwa hiyo hapakuwa na la kubishana: mwaka huu tupande, au tuzimike.

Hapo ndipo anapoingia Baba Bansa. Jina lake ni Sulau, mtoto wa kaka yake Mama, na mlango wake hauko mbali na wetu kwenye baraza refu la pamoja. Baba yake alipooa alihamia mlango wa mkewe. Mama alibaki mlango wa kuzaliwa. Kwetu anayebaki mlangoni ndiye anayebaki na ardhi, na jambo hilo halikuwahi kuwa na ubishi mpaka barabara ya malori ilipofika.

Alikuja hospitali akiwa na kuku kwenye sufuria na maneno matamu kumzidi kuku. Alisema kwamba maadamu hatulimi mwaka huu, angeomba upande wa chini wa konde letu la Tapang, ule wa kijitoni, alime msimu mmoja wa mpunga kisha aturudishie. Tapang ndilo konde letu bora. Lilikuwa limelala tangu Renggi akiwa mgongoni, miti yake imenenepa tena na udongo chini yake mweusi. Upande wa juu tungeubakiza wenyewe kwa mwaka utakaofuata. Mama alikubali papo hapo. Ndipo Baba Bansa akatoa kwenye mkoba wake sahani ya kaure na kisu kidogo.

Anayeazima konde kwetu humpa mwenyewe sahani na kipande cha chuma. Chuma ni cha kuimarisha roho ya mwenye ardhi, sahani ni ya kukaa kabatini watu waione. Thamani yake si kitu. Kazi yake ni kusema tu: hili si langu, nimeazima. Mama aliisukuma ile sahani kwa mkono uliokuwa na sindano ya maji.

"Nimchukulie sahani mtoto wa kaka yangu? Watu wataniona mtu wa namna gani? Irudishe nyumbani ukalie wali."

Tulicheka wote, hata muuguzi. Ukarimu wa Mama ulikuwa mtamu sana siku ile.

Matibabu yalichukua miezi; tulirudi nyumbani karibu na sherehe, na kwenye sherehe hakuna anayezungumza mambo ya mashamba. Ni pombe ya mchele, ngoma na matapishi ya wajomba. Ilipokwisha nikachukua panga nikaenda Tapang kuangalia upande wetu wa juu, nikadirie siku za kufyeka. Nilipotokea kwenye kivuko cha kijito nilidhani nimepotea njia. Chini, katikati ya mabua ya mpunga aliovuna, kulikuwa na miche ya michikichi. Imepangwa kwa kamba, mstari kwa mstari, kila mche na kijiti chake. Nikapandisha mbio. Upande wa juu nao ulikuwa umefyekwa, miti yote imelazwa, na kati ya magogo imesimama miche ileile, majani yake yakitikisika kwa raha zake.

Niliketi juu ya gogo nikalia kwa hasira. Sikumlilia mtu. Nililia kwa sababu nilielewa palepale. Mpunga ni mgeni mstaarabu, unakula msimu mmoja unaaga. Mti hauagi. Na kwa desturi yetu aliyeotesha mti ndiye mwenye mti, na kuukata mti uliopandwa na mwenzio faini yake ni nzito kuliko ya kumpiga ngumi. Ardhi yetu, miti yake. Mchikichi ukishafika umri wa kuzaa, nani atajali ardhi ilikuwa ya nani?

Nyumba ndefu haina siri. Ukikohoa mlango wa kwanza, mlango wa mwisho wanakwambia pole. Nilipofika barazani watu walikuwa wameshajua nimetoka wapi, na Baba Bansa alikuwa ameketi mbele ya mlango wake akisuka kapu kana kwamba hakuna jambo. Nikamuuliza mpunga wake umezaa michikichi lini, maana mpunga wa namna hiyo sijapata kuuona.

"Dada, kaa kwanza," alisema.

"Nitakaa wapi? Kila ninapotaka kukaa nakuta umepanda."

Watu wakaguna kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisema miche ilitolewa bure na watu wa kilimo, kwamba ingemfia kwenye mifuko, kwamba mpira siku hizi hauna bei na pilipili manga imeingia ugonjwa wa mizizi, kwamba watoto wake wako bweni mjini na bweni halipokei mpunga. Yote kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakuna hata moja alilosema ambalo lilikuwa uongo. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba aliyeufyeka msitu wa Tapang mara ya kwanza alikuwa babu yetu sote. Nikajua hakupanda kwa bahati mbaya.

Kesi ilisikilizwa na mkuu wa nyumba, Mzee Unchat, mtu mpole anayependa kila mmoja arudi kwake akiwa nusu radhi. Watu waliketi kwenye mikeka urefu wa baraza. Mama aliletwa kwenye kiti cha plastiki kwa ajili ya nyonga yake, na alichukia kukaa juu ya watu, akawa anajikunyata. Mzee Unchat aliuliza swali moja tu la maana: sahani iko wapi?

Mama alieleza. Alieleza vizuri, hata sindano ya maji aliitaja. Baba Bansa alimsubiri amalize, kisha akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyapanga muda mrefu kama alivyopanga miche yake.

"Nilitoa sahani, Shangazi akaikataa. Akanambia nikalie wali. Mzee, mtu akikataa sahani ya kuazima, maana yake nini? Maana yake kanipa."

Nilimtazama Mama. Mdomo ulikuwa wazi, na mikono yake ilishika kingo za kile kiti kana kwamba kinataka kumwangusha. Asante ya punda ni mateke, tunajua, lakini punda hatumii ukarimu wako mwenyewe kukupigia.

Nilisimama nikasema kwamba wema si mkataba wa kuuza. Wengine waliitikia kwa vichwa. Lakini nilipowatazama vizuri niliona ni vichwa vya wale ambao ardhi yao imelala. Wale waliokuwa wameotesha kitu mahali fulani pa kuazima, mpira huku, pilipili kule, walikuwa wanatazama mikeka. Na Mzee Unchat mwenyewe ana michikichi kwenye konde la marehemu shemeji yake. Aliamua kwamba shauri la ardhi lisubiri chifu wa mto mzima atakapopita, na kwa sasa miti isiguswe na mtu. Chifu hupita anapopita. Mbegu zetu hazingemsubiri.

Nilikuwa bado sijaogopa. Niliona kwamba kama Tapang limekwama, basi tuazime kwingine. Konde la kuazima ni konde lako kwa msimu ule, mpunga wa shina unakubali kulala humo. Makonde yetu mengine hayakufaa. Lile la mtoni lina miti ya mpira tangu enzi za babu. La ng'ambo kaka yangu aliye mjini Bintulu aliliingiza kwenye shamba la pamoja la kampuni bila kutuuliza, nasi tunapita pembeni yake kama wezi. Lililobaki limelala miaka mitatu tu, ni nyasi tupu, na mpunga ukiona nyasi hukata tamaa. Lakini nyumba ina milango mingi, na tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu amenyimwa konde la msimu mmoja.

Nikaanza kupita mlango kwa mlango, na sahani yangu kwenye kapu safari hii. Mlango wa kwanza walinikaribisha samaki. Walisema wangetoa, ila wanafikiria kuotesha kitu pale. Mlango wa pili walisema shamba lao lina mchwa. Shamba lenye mchwa, ndiyo kwanza nisikie. Mlango wa tatu alikuwapo mwanamke niliyekua naye, tuliyenyonyeshana watoto, naye alinipenda vya kutosha kuniambia ukweli.

"Mama Renggi, si wewe. Wewe ninakuamini. Lakini tangu kesi yenu mume wangu anasema konde haliazimwi tena. Unampa mtu mwaka mmoja, unarudi unakuta kiwanda."

"Mimi nitaotesha nini? Mpunga, dada. Mbegu ya Mama."

"Najua. Ndiyo maana naona haya."

Akanifungia wali kwenye jani nikampelekee Mama. Nilishika ule wali wa moto nikatembea hadi mwisho wa baraza nikijua sasa jambo lilivyo. Baba Bansa hakuchukua Tapang tu. Alikuwa amefunga kila konde la nyumba nzima, na wala hakukusudia. Hapo ndipo woga uliponiingia. Ulikaa nami siku zote zilizofuata, nikila nao, nikilala nao, nikisikia kila asubuhi meno ya Mama yakibana punje. Siku nyingine alibana punje tatu mfululizo kabla moja haijalia. Akaanza kuzilowesha chache kwenye kitambaa ili aone zitakazochipua, na kila mara alipofunua kile kitambaa nilitafuta kazi ya kufanya nje.

Baba Renggi alirudi kutoka kambini jua la kiangazi likiwa kali, makonde ya watu yakisubiri kuchomwa. Ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huwa mabaya. Alikwenda Tapang, akarudi, akanawa miguu, akasema ile miti iliyolazwa upande wa juu imekauka vizuri sana.

"Kiberiti kimoja," alisema. "Sisi tumechoma tangu Nuhu ashuke. Nani atasema moto umekosea njia?"

Nilimwambia anyamaze, Mama atasikia. Lakini sikumwambia hapana. Kwa siku kadhaa sikufikiria kitu kingine. Niliuona moto ukipanda kilima, majani ya michikichi yakijikunja, jivu jeusi la moto likisubiri mbegu, na nilikuwa na furaha mbaya moyoni. Halafu nikamwona Baba Bansa akipita barazani na ndoo ya samadi begani, akiimba kwa pua, nikaamua.

Nilikwenda peke yangu wakati wa joto la mchana, watu wakiwa wamejilaza. Kiberiti nilikificha kwenye kifuko cha tumbaku. Nilisimama juu ya Tapang, chini yangu magogo makavu yakilialia kwa jua, na nikatoa njiti. Ndipo ndege mdogo akalia upande wa kushoto, mara moja, akanyamaza. Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, nimeolewa kanisani, na padri wetu amesema mara nyingi ndege ni ndege. Lakini babu zangu waliacha makonde mazima kwa sababu ya sauti ile, na mguu wangu ulikataa kusogea. Ndege mbaya. Nikasikiliza tena. Hakulia tena, ila mimi nilikuwa nimekwisha fikiria. Miti yake ikiungua, faini itatuvua hata ngoma za shaba za ukoo, na Baba Bansa atakuwa mwenye haki kwa mara ya kwanza. Niliirudisha njiti. Nilishuka nikimtukana yule ndege, kwa sababu ilikuwa lazima nimtukane mtu.

Mama alikuwa anajua. Nilipoingia alinusa tumbaku yangu kisha akaniambia mpunga una masikio, haulali mahali watu walipogombana kwa moto, hata ukiota utakimbia. Nilimuuliza sasa tufanye nini, akasema hajui, na akaanza kulia kimyakimya, akijifuta kwa kile kitambaa chenye mbegu zilizolowa. Sijawahi kumwona Mama hajui. Nilitamani apige kelele.

Kuta za mbao zinapitisha kila kitu. Jioni ile, jua halijazama, Baba Bansa alikuja na mguu wa nguruwe mwitu, akauweka karibu na meko yetu, akakaa mbali kidogo. Hakuwa na raha. Nimesema tayari kwamba hudanganya kwa kusema kweli. Sasa nitasema na hili, kwamba alikuwa anampenda shangazi yake. Alitoka jasho kwa kile alichotaka kusema.

"Shangazi, nimesikia milango yote imekataa. Pandeni kwangu. Upande wa chini, kati ya miche pana nafasi, bado ni midogo, haijatia kivuli. Mpunga utaota. Mimi sina hofu."

Bila shaka hakuwa na hofu. Katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na konde la kuazimisha bila wasiwasi, na konde lenyewe lilikuwa letu. Alisema kwangu. Alilisema neno hilo kawaida kabisa, kama anayesema mkono wangu. Nikamwambia achukue nguruwe wake aondoke, na nguo ya kuazima haisitiri matako, sembuse konde la kuibwa. Mama akanikata.

"Nitaleta sahani," alimwambia.

Baba Bansa akainua macho. "Hakuna haja, Shangazi."

"Nitaleta."

Alipotoka nilimgeukia Mama kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea. Nilimwambia akipeleka sahani mbele ya watu, amesema kwa mkono wake kwamba Tapang si letu. Chifu akija hata mwakani tutamwambia nini? Baraza zima litashuhudia. Nilimwambia apande kimya, bila sahani, kama kukaribishwa tu. Aliniacha nimalize, kisha akasema bila kupandisha sauti kwamba mpunga wa shina haupandwi kimya. Shamba la kuazima lisilo na sahani si la mtu, na mpunga wa shina hauzai kwenye shamba ambalo si la mtu.

"Mama, utakuwa umempa."

"Najua. Unadhani sijui? Nimekaa na hili usiku na mchana. Ardhi unaweza kuidai, wewe, au Renggi, au mtoto wa Renggi. Chifu anaweza kuja akairudisha. Mbegu ikishakufa nani ataidai? Atairudisha chifu gani?"

Nilimfungulia kabati.

Alichagua sahani yeye mwenyewe kabatini, akapita hata zile nzuri nilizodhani ataogopa kuzitoa, akachukua iliyo nzuri kuliko zote. Alitaka kiwe kitu cha kuonekana. Kisha kipande cha chuma kutoka kwenye panga la marehemu baba. Watu walijua, kama kawaida, na walikuwa wamejipanga barazani wakijifanya wanasuka, wanaparua samaki, wanatafuta chawa kwenye vichwa vya watoto wao. Mama alikataa kiti cha plastiki. Nilimshusha polepole akaketi mkekani mbele ya mlango wa mpwa wake, nyonga ikimuuma, akaisogeza sahani mbele.

Nilimwomba Mungu, na yule ndege pia, Baba Bansa aikatae. Aisukume kwa aibu kama alivyosukuma Mama hospitalini. Akiikataa tu, nitasimama nimuulize mbele ya wote: akikataa sahani, maana yake nini? Nililiweka swali tayari ulimini. Nilimwona anasita. Mkewe alikuwa mlangoni nyuma yake. Mzee Unchat alikuwa ameacha kutafuna. Mkono wa Baba Bansa ulitoka, ukakaa hewani juu ya ile sahani, na kwa muda niliona kabisa ule ukarimu wetu wa zamani ukimvuta, ule uliotulea wote.

Kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Nimeipokea, Shangazi," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Sahani haikataliwi."

Hakuna aliyecheka. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa. Mimi nilimwinua kwapani, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa.

Tulipanda baada ya makonde ya watu kuchomwa na kupoa. Majirani walikuja kusaidiana, hata walioninyima, wanaume mbele wakitoboa ardhi kwa miti iliyochongwa, wanawake nyuma wakidondosha mbegu, na walifanya mizaha mingi kuliko kawaida ili isionekane wanapanda nini katikati ya nini. Kila wanaume walipofika kwenye mche walikwepa. Mistari yetu ikawa inapinda huku na huku. Mama alipanda mpunga wa shina kwa mkono wake, katikati ya michikichi minne, akiongea nao kwa maneno ambayo hata mimi bado hajanipa. Baba Bansa alileta maji ya kunywa. Nilikunywa. Kiu haina kiburi.

Siku zilizofuata sikulala vizuri. Nilikwenda kila asubuhi, nikisema naenda kuokota kuni, nikichuchumaa kwenye udongo ule ule niliochezea utotoni. Hakuna kitu. Mvua nyepesi, hakuna kitu. Mama hakuuliza, ila alinitazama magoti nikirudi, kama yana udongo. Kisha asubuhi moja niliona sindano za kijani, chache, zimeachana kama meno ya mzee. Nilizihesabu mara mbili nikachanganyikiwa mara mbili. Hazikufika nusu. Lakini zilitosha kuvunwa na kuwekwa tena kapuni.

Nilimbeba Mama mgongoni akaone. Alikataa kwanza, akasema watu watadhani amekufa, kisha akakubali. Nilimweka chini kwenye Tapang, akaegemea fimbo, akaangalia kwa muda mrefu ile mimea michache iliyotoka kati ya michikichi. Nilingoja acheke au amshukuru Mungu. Miche ilikuwa imeongezeka kimo tangu sherehe, majani mapya yamefunguka mapana. Mwakani kivuli chake kitagusana. Na mwakani, hilo sote wawili tulilijua, hakuna mpunga utakaoota pale, na hakuna mlango utakaotuazima.

"Mbegu nimekuokolea," Mama alisema. "Pa kuipanda mwakani, utatafuta wewe."

Nilisema ndiyo, Mama. Kisha nikainama akanipanda tena mgongoni, nikaanza kushuka polepole kuelekea kijitoni, nikiangalia sana ninapokanyaga nisije nikaumiza miche ya watu.